Nusu Mchawi na Pazia la Wifi

Nusu Mchawi alizaliwa kwenye sinia la vifungo, mchana wa mvua, wakati Bibi Vifungo hana la kufanya ila kutenganisha vyeupe na vyeusi.

Hilo jina la Bibi Vifungo alipewa na kazi. Alishonea watu vifungo tangu usichana wake, kwanza kwenye kiwanda cha mashati, na kiwanda kilipofunga milango akaendelea barazani kwake. Macho yalipoanza kumgomea, uzi ukawa unapita kila mahali isipokuwa kwenye tundu la sindano, aliweka sindano chini akabaki na makopo ya vifungo na mdomo. Mdomo haukuwa na kasoro yoyote.

Mjukuu wake, binti wa mwanawe wa kwanza, alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya mtaa, ile inayosikika vizuri hadi sokoni, ukivuka daraja inaanza kukoroma. Siku hiyo alikuja amelowa chapachapa, akavua viatu mlangoni, akajitupa mkekani.

"Bibi, niokoe. Nimepewa nafasi Jumamosi alasiri, kati ya matangazo ya vifo na salamu za wasikilizaji. Wakubwa wanataka mfululizo wa hadithi. Upelelezi, lakini usiotisha."

"Upelelezi usiotisha ndio upi huo?"

"Wa kusikiliza huku unakunywa chai. Halafu wanataka na uchawi ndani yake."

"Nao usiotisha?"

"Nao usiotisha."

Bibi Vifungo akaguna. Uchawi usiotisha, alijiambia, ni sawasawa na pilipili isiyowasha. Halafu akakumbuka kwamba pilipili hoho ipo, na watu wanaipenda. Akavuta sinia karibu. Vidole vyake vikapapasa mpaka vikaokota kifungo kilichovunjika, nusu tu, chenye matundu mawili badala ya manne.

"Huyu hapa," akasema.

"Nani?"

"Mchawi wako. Hakumaliza masomo. Alikuwa anafundishwa na shangazi yake, shangazi akafariki wamefika katikati. Kwa hiyo kila uchawi wake unafika nusu, unasimama. Akijigeuza asionekane, viatu vinabaki vinaonekana. Akipaa, anafika darini, anakwama huko mpaka aletewe ngazi."

Mjukuu alikwisha kuwasha simu, anarekodi. "Na anakula nini mtu kama huyo?"

"Anakula jasho lake. Ni dobi. Uchawi wenyewe haulishi mtu. Ila hapo kwenye pasi ndipo alipojaliwa. Nguo ikipata moto inaropoka. Inasema yote iliyoyaona ikiwa mwilini mwa mwenyewe. Yeye ananyoosha, anasikiliza, mwisho anajua nani kafanya nini."

"Bibi!" Mjukuu akakaa kitako. "Hapo hapo, usiondoke!"

Basi ndivyo ulivyoanza ule mfululizo. Bibi Vifungo alijiwekea masharti yake. Hakuna kufa mtu, alisema, waliokufa wametosha kwenye matangazo ya kabla yake. Kinachopotea kiwe kidogo lakini kiwe kinamuuma mwenyewe. Aliyekichukua asiwe shetani, awe mtu mwenye sababu. Na kabla hadithi haijaisha, wote wakae wanywe chai pamoja, mwizi naye apewe kikombe.

Alikuwa na namna yake ya kutunga. Hakuanza na kilichopotea. Alianza na sababu, akaishona hadithi yote hadi pindo, kila mtu kifungo chake kwenye sinia: huyu mwenye duka, huyu mkwewe, huyu paka. Akishamaliza kushona ndipo anafumua. Kipande kimoja anakificha chini ya mto, kingine anampa jirani akikalie, kingine anakiacha wazi kabisa mlangoni, maana watu hawatazami mlangoni. Wasikilizaji wakidhani wanatafuta, kumbe wanashona upya kile alichofumua yeye.

Ikapotea kengele ya shule, ikakutwa kwa mlinzi aliyechoka kuota anachelewa. Yakapotea meno ya bandia ya mwenyekiti wa mtaa, na hayo yalichukuliwa na mkewe, aliyetaka walau mkutano mmoja upite bila hotuba. Mtaa ukashikwa. Jumamosi alasiri wenye saluni walizima vikaushio vya nywele. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kiko kwenye kona, alisogeza redio nje na nyundo ikanyamaza.

Aliyewapendeza watu zaidi alikuwa Nusu Mchawi mwenyewe. Alikuwa hai. Alipuliza ncha ya kidole kabla ya kugusa pasi. Alifumba jicho moja kwa sababu ya mvuke. Alizungumza na mashati kama anazungumza na watoto wanaooga, "haya baba, geuka, na huku sasa", na alikuwa na wimbo wake wa puani usio na mwanzo wala mwisho. Mjukuu aliuliza, "Bibi, haya unayatoa wapi?" Bibi akajibu kwamba yanakuja tu.

Yalikuwa yanatoka ng'ambo ya ua, hatua chache kutoka mkeka wake.

Huko ndiko alikokaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Milango yao ilitazamana, bomba la maji lilikuwa moja, na kamba ya kuanikia nguo ilitoka kwenye msumari wa dirisha la huyu ikaenda kwenye msumari wa dirisha la yule. Wifi alikuwa dobi. Alifulia nusu ya mtaa tangu enzi za pasi ya mkaa, na hata umeme ulipokuja alikataa kuachana na mkaa wake, akisema pasi ya umeme ina kiburi, ukiigeuzia kisogo inaunguza kwa makusudi.

Maneno baina yao hayakukatika.

"Wifi, moshi wako umehamia kwangu."

"Umekuja kukusalimia, wewe huna wageni."

"Marehemu kaka yako alikuwa anasema una mapafu ya bati."

"Marehemu kaka yangu alikuwa anasema mengi akiwa na njaa, na njaa aliipatia kwako."

Walizeeka hivyo, kila mmoja akihesabu kikohozi cha mwenzake asubuhi ajue kwamba kumekucha kwa wote wawili. Mtoto wa kiume wa Wifi, aliyekuwa na nyumba yake mji mwingine, alimsihi mama yake ahamie kwake. Wifi alimjibu siku zote jibu moja: pasi yangu ikipoa, nitakuja.

Sasa, siku moja Bibi Vifungo amekaa barazani, sinia mapajani, anamtafutia mkwe wa mwenye duka sababu ya kuiba mzani, akainua macho akaona pazia kambani. Pazia la maua ya buluu. Hakulitilia maanani. Kesho yake akaliona tena. Keshokutwa lipo, limelowa, linadondosha maji kama limefuliwa alfajiri hiyo. Kwenye pembe ya chini lilikuwa na kiraka kidogo, na ingawa macho yake hayakuwa ya kutegemewa, kiraka hicho alikijua kwa sababu alikishona yeye, zamani, lilipoungua na cheche. Lilikuwa pazia la chumbani kwa Wifi.

Nani anafua pazia lake kila siku?

Kando yake zilikuwepo shuka mbili na kitambaa cha meza, navyo vya Wifi mwenyewe. Bibi Vifungo alizungusha macho kote kambani. Hakuna shati la mwanamume. Hakuna sare za shule. Hakuna yale makoti meupe ya mwuza dawa. Wifi alitoka na beseni, akaondoa lile pazia, akaliingiza ndani kwa haraka, uso ameukunja.

"Kazi nyingi leo, Wifi?" Bibi Vifungo akauliza.

"Mgongo unaniuma kwa wingi wake," Wifi akajibu, akafunga mlango.

Aliyekuwa amekaa na Nusu Mchawi kwa miezi kadhaa hakuweza kuliacha lile pazia lipite. Bibi Vifungo aliijua kazi hiyo sasa: kitu kilichowekwa wazi mlangoni ndicho kilichofichwa. Wifi alikuwa anajaza kamba ili mtaa usione kwamba ni tupu. Basi nguo za watu zimekwenda wapi, na nani kazichukua? Akajifunga khanga, akashika fimbo, akaenda kwenye kona kwa fundi viatu, maana fundi viatu alikuwa mteja wa Wifi tangu hajaota ndevu, na tena ndiye aliyependa kuvaa shati jeupe kazini ili watu waone kwamba hachafuki.

Siku hiyo shati lake lilikuwa jeupe kweli, lakini limejikunja kama karatasi iliyotolewa mfukoni.

"Shikamoo, Bibi Vifungo! Jumamosi umetumaliza. Na lile la mzani mlilotangaza kwamba linakuja, mimi namshuku mkwe."

"Marahaba, mwanangu. Shati lako limelala wapi?"

Fundi akajitazama. "Hili? Nimelifua mwenyewe."

"Naona. Umelipiga pasi kwa nyundo?"

Akacheka, lakini kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. Akashika kiatu, akakiweka chini. "Bibi, mimi siyo mtu wa kuamini mambo hayo. Nakuapia. Najua ni hadithi. Lakini..." Akasogeza kigoda karibu, akateremsha sauti. "Yule wa redioni, anapuliza kidole. Wifi yako naye anapuliza kidole. Anafumba jicho. Nilikwenda kuchukua nguo zangu nikamkuta analiambia shati langu 'haya baba, niambie, geuka huku'. Bibi, mimi nina shati la buluu. Lile shati lina mambo yake."

"Lilikwenda wapi?"

"Hapo ndipo sitaki liseme."

"Na wengine?"

"Wengine ni hivyohivyo. Mwalimu mkuu anavusha zake daraja, kwenye mashine ya kufulia. Kila mtu anasema haamini, halafu hakuna anayepeleka." Akamtazama Bibi kwa huruma, kama yeye ndiye aliyefanyiwa. "Usimwambie. Tunamheshimu sana. Ndiyo maana hatuendi."

Bibi Vifungo alirudi polepole. Alikuwa amezoea kufika mahali hapa kwenye hadithi, pale ambapo vipande vyote vinakaa na mchukuaji anajulikana. Siku zote alipapenda. Siku hizo mchukuaji alikuwa kifungo kwenye sinia. Leo alikuwa yeye, anatembea na fimbo yake mwenyewe kwenye barabara anayoijua, na kila hatua ilimpeleka karibu na mlango wa Wifi.

Alimkuta amekaa kwenye kiti cha chini, pasi mbele yake, haina moto.

"Umetoka kwa fundi viatu," Wifi akasema.

"Nimetoka huko."

"Basi unajua." Wifi akaifuta pasi na kipande cha nguo ingawa ilikuwa safi. "Sikutaka kusema. Nilijua umenichukua mimi, tangu siku ya kwanza. Nikasema moyoni, mwache, amepata cha kumchangamsha, macho yenyewe yamekwisha. Unichukue kidole, unichukue na jicho. Lakini kwa nini, wifi yangu, kwa nini yule mtu wako anaanza kunyoosha shati mgongoni?"

"Nini?"

"Mgongoni! Anaanza mgongo, anakuja mikono, kola anaiweka mwisho! Mtaa mzima unasikia. Watu wote wanajua ni mimi, halafu mimi nanyoosha kama kapera anayechelewa kazini! Kola ni kwanza. Kola, halafu mabega, halafu ncha za mikono na mikono yenyewe, mgongo ndio wa mwisho kabisa kwa sababu mgongo mtu anauegemeza kitini. Ningekuwa mteja na mimi ningehama."

Bibi Vifungo akaketi kizingitini. Mwenzake alikuwa amekaa na kamba tupu wiki nzima, labda wiki nyingi, akiamini wateja wamemkimbia kwa ajili ya kola. Ingekuwa rahisi kumwachia hapo. Ingekuwa rahisi sana kusema, nisamehe kwa kola, nitarekebisha. Lakini kola hazingewarudisha watu, na Wifi angeendelea kufua pazia mpaka liwe wavu.

"Siyo kola, Wifi," akasema. "Wanakuogopa."

"Wananiogopa kwa nini?"

"Wanafikiri nguo zao zinakwambia mambo."

Wifi alicheka kwanza. "Mimi najua wanga wa kutia kwenye kola tu, huo mwingine sijawahi—" Akakatiza katikati. Bibi Vifungo aliona lile neno likimfikia, likiingia, likikaa. Hakulitamka hata mmoja wao. Walikuwa wanawake wazee wawili, wajane, na walijua neno lile likimshika mwanamke wa umri wao halitoki kwa sabuni. Mjini watu wanalicheka redioni. Lakini mtu akiugua ghafla, au mtoto akipata degedege, hakuna anayecheka tena, wanatazamana, halafu wanatazama mlango mmoja.

"Nitakwenda kwa mwanangu," Wifi akasema mwishowe. Hakusema kwa hasira. "Nitampigia aje Jumapili."

Asubuhi yake kamba haikuwepo. Bibi Vifungo alitoka barazani, akaona misumari miwili mitupu na anga katikati. Kamba ilikuwa mlangoni kwa Wifi, imezungushwa mara nyingi kwenye sanduku la zamani lisilofunga tena.

Akakaa na sinia. Jumamosi ilikuwa inakuja, na mjukuu alikuwa amesema wakubwa wamefurahi, wanataka nguo ziropoke zaidi. Bibi akakishika kile kifungo nusu, akakingoja kama alivyozoea. Siku zote Nusu Mchawi alianza mwenyewe, mara analalamika dari lina vumbi, mara anauliza nani kamfichia ngazi. Siku hiyo hakusema kitu. Bibi akamgeuza huku, akamgeuza kule. Alikuwa anatazama ng'ambo, alihisi Bibi, kwenye ile misumari mitupu, naye hana hamu ya mzani wa mtu yeyote.

"Umenigomea," Bibi akamwambia.

Ndipo akaona kosa lilipo. Kwenye sinia lile walikuwepo wote, mwenye duka, mkwe, paka, ila Wifi hakuwepo. Hakuwahi kuwa na kifungo chake. Alikuwa amebanwa ndani ya hiki nusu, na kwa kuwa alikuwa ndani, kila aliyesikia sauti ya mmoja alimwona mwingine. Akaingiza mkono kwenye kopo, akatafuta muda mrefu, akatoa kifungo kikubwa cha mfupa, cha koti, kizima, kilichokwaruzika kidogo ukingoni. Akakiweka kwenye sinia. Akakiweka mbali na kile nusu. Vilipotazamana hivyo, kila kimoja upande wake, akasikia pumzi imemtoka.

Alimpa mjukuu habari. Mjukuu akashika kichwa.

"Bibi, nguo zikinyamaza tumebaki na nini? Watu wanachopenda ni nguo!"

"Tumebaki na mwanamke anayekwama darini."

"Wakubwa watanila nyama."

"Mjukuu wangu, ile sauti niliyokuwa nawapa haikuwa yangu kuitoa. Nguo zitanyamaza."

Halafu akavuka ua, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu zaidi, ingawa ua wenyewe ulikuwa mdogo. Alisimama mlangoni kama mgeni, akapiga hodi.

"Wifi, naomba kitu. Safari hii nakuomba kabla sijachukua."

"Sema."

"Nataka uje redioni uwe dobi. Siyo yule mchawi. Yule nitakuwa mimi. Wewe uwe wewe."

"Niseme nini?"

"Utakachotaka. Na nilifikiria tusimulie habari ya pazia. Jinsi lilivyokuwa linaning'inia kila siku. Ni hadithi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona."

Uso wa Wifi ukajifunga kama dirisha. "Pazia hapana."

Bibi Vifungo alihisi ile hadithi ikimtoka mkononi, na ilikuwa imeshonwa vizuri. "Basi pazia hapana," akasema.

Wifi akauliza, "Na kola?"

"Kola sema mpaka uchoke."

Chumba cha redio kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Wifi alikuja na pasi yake. Mjukuu alipouliza ya nini, alijibiwa kwamba hawezi kusema habari za pasi mkono mtupu. Alikubali tu kuiacha bila mkaa, kwa sababu ya trei.

Hadithi ya siku hiyo ilianza na Nusu Mchawi kulia. Koti la mpiga tarumbeta lilikuwa limepotea, naye alisikiliza suruali moja ikimwambia nani kalichukua, akamtaja mtu mbele za watu, kumbe siye. Suruali ilikuwa imeona nusu, kama kawaida ya mambo yake. Tangu hapo nguo zote zimemnyamazia. Basi anakwenda kwa dobi wa kweli kuuliza afanye nini.

"Hodi, dobi," Bibi Vifungo akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya Nusu Mchawi, ya juu na ya haraka.

"Karibu. Futa miguu," akasema Wifi.

"Dobi, nguo zako wewe zinakwambia nini?"

"Nguo?" Wifi alisahau kwamba kuna watu wanasikiliza. "Nguo haisemi, mama. Nguo inachafuka tu. Na ingekuwa inasema ningeiambia inyamaze, nina kazi."

"Hata mashati? Mbona unayaambia yageuke?"

"Na wewe ukipika humwambii mwiko? Naongea kwa sababu nipo peke yangu tangu asubuhi. Ninafulia watu tangu hawajaota meno. Shati la mtu nikishalikunja nimelisahau. Nikianza kukumbuka doa la kila mtu kwenye mtaa huu, nitalala saa ngapi? Haya, nionyeshe unavyonyoosha."

Nusu Mchawi akaanza, mgongoni.

"Weka pasi chini!" Wifi alipiga meza kwa pasi baridi, mjukuu akaruka kwenye kiti. "Weka chini kabla hujaniaibisha! Kola! Ndiyo maana nguo zimekugomea, siyo uchawi, unaziumiza!"

Mwanamume aliyekuwa anasimamia mitambo nyuma ya kioo aliziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika. Wifi aliendelea. Alieleza kola, akaeleza mabega, akaeleza kwa nini usinyunyizie maji kwa mdomo kama unatema. Koti la mpiga tarumbeta lilikuja kupatikana mwishoni, kwa binti yake, aliyelificha baba asisafiri, na wote wakanywa chai, lakini hakuna aliyelikumbuka koti baadaye. Bibi Vifungo alikuwa anasikiliza zile sauti mbili, moja yake na moja siyo yake, na akafikiri kwamba miezi yote hii alikuwa anashona kwa mkono mmoja.

Jumapili mtoto wa Wifi alifika mapema, kijana wa watu, akashika sanduku kwa kamba zake.

"Mama, twende, njia ni ndefu."

Wifi alikuwa amevaa viatu. Mlangoni, akiwa na mfuko mkononi, alisimama fundi viatu, anatazama ardhi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani kakukunjakunja hivyo?"

"Nimeleta mashati." Akasukuma mfuko mbele. "Na la buluu limo."

Wifi aliutazama ule mfuko. Hakuupokea mara moja, na Bibi Vifungo, barazani kwake, alijikuta ameshika kifungo cha mfupa kwa nguvu hadi kikamchora kiganjani. Mwalimu mkuu alikuwa amepita asubuhi hiyohiyo na nguo zake, akielekea darajani, macho mbele. Huyo hakurudi siku ile, wala baadaye. Ni mmoja tu aliyekuja.

"La buluu nitalianza," Wifi akasema, akachukua mfuko. "Na nakuhakikishia sitaki habari zake." Akamgeukia mwanawe. "Baba, nisamehe, nimekupotezea safari. Kaa unywe chai, halafu urudi kwa mkeo umsalimie. Na hiyo kamba fungua, naihitaji."

Chai waliinywa uani, wote wanne, fundi viatu akipuliza kikombe chake kwa adabu nyingi. Kijana alipoondoka, Wifi aliichukua kamba, akaifunga msumari wa kwake, akaivuta mpaka ng'ambo.

"Shika hapo, Wifi. Kaza. Siyo hivyo, unashika kama umeshika sindano."

Bibi Vifungo akakaza. Kamba ikanyooka katikati yao. Wifi akayafua mashati ya fundi, akayaanika, akarudi nyuma kuyatazama, akapuliza ncha ya kidole ingawa hapakuwa na moto popote karibu.

"Lile pazia," akasema, bila kugeuka. "Unaweza kulisema sasa. Ila ukilisema, sema lilikuwa safi."